Ufa Ndani ya Chuma cha Anania

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

"Nani ameosha chuma hiki?"

Hapo ndipo tulipomwacha Jenista wiki iliyopita. Amesimama katikati ya chumba chake cha kazi pale Vwawa, kitambaa mkono mmoja, chuma mkono wa pili, macho yamemtoka.

Wewe uliyedandia leo, shika hili upesi. Chuma hicho ni kipande cha mkono wa stelingi ya lori, ule unaovuta magurudumu ya mbele dereva akikata kona. Lori lilikuwa la Bwana Clever, tajiri wa malori pale Tunduma. Dereva alikuwa Anania. Liliacha njia kwenye mteremko kabla ya Vwawa, likawapitia akina mama wawili waliokuwa wakiuza nyanya, likalala korongoni. Wote watatu wakafa.

Tajiri akasema: dereva alikuwa amelewa. Chuma kilivunjika lori lilipogonga mwamba, si kabla.

Sentensi hiyo tunaijua, ndugu msomaji. Baba zetu waliisikia barabara hii ikiwa bado mpya. Breki zikikatika, dereva alilewa. Tairi kipara likipasuka, dereva alilewa. Maiti haijibu, ndiyo maana inabebeshwa. Na katika miaka yote hiyo hatujasikia hata siku moja kwamba tajiri alilewa.

Wazee wa kanisa la Anania walisikia, wakaamini. Anania akazikwa bila kwaya na bila mchungaji, kama mtu aliyetengwa. Mkewe, Nesta, mama wa mtoto wao Sekela, ndiye aliyeanzisha wimbo kaburini, akaimba peke yake mpaka sauti ikakatika.

Sasa anataka jambo moja tu. Jumatatu kikao cha uchunguzi wa ajali kinakaa. Anataka siku hiyo mumewe aache kuitwa mlevi na muuaji. Ushahidi alionao ni chuma hicho, alichokiokota korongoni kwa mikono yake.

Na leo kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

"Ni mimi, dada," Nesta akasema.

"Umekiosha na nini?"

"Mchanga. Halafu stili waya. Mwisho nikakipaka mafuta kidogo."

Jenista akavuta stuli, akakaa. "Mama Sekela, kwa nini?"

"Siku ya kumaliza matanga, kwetu mjane anaosha kila kitu cha marehemu kabla ndugu hawajagawana. Mashati, viatu, hata wembe wake wa ndevu. Mama mkwe akasema chenye damu hakilali ndani ya nyumba." Nesta akakinyooshea chuma kidole. "Kilikuwa na damu yake, dada. Ningeiacha ikaukie pale?"

Jenista akakigeuza chuma kwenye mwanga.

"Kutu ndiyo niliyokuwa naitaka," Jenista akasema taratibu. "Chuma kikipata ufa, maji yanaingia, ufa unashika kutu. Siku kinapomalizika kuvunjika, sehemu ya zamani ni kahawia, sehemu mpya inameremeta. Ningewaonyesha pale kikaoni kwa macho matupu kwamba kilianza kukatika zamani. Sasa tazama. Kote kunameremeta."

Nesta akajishika kichwa. Mume amemzika, na ushahidi wa mume ameumwaga pamoja na maji ya kuoshea viatu vyake!

"Basi, shemeji, turudi nyumbani," ikasema sauti kutoka mlangoni. "Tumejitahidi. Mungu ameona."

Huyo ni Aliko, mdogo wake Anania, fundi wa kuchomelea katika gereji moja ya Tunduma. Tangu msiba ndiye anayeweka unga na mafuta katika nyumba ya kaka yake. Asubuhi hiyo alimsindikiza shemeji yake shingo upande.

"Kaa chini wewe," Jenista akamwambia. "Nani kakwambia tumeshindwa?"

Jenista ni binti wa Itumba, kule milimani Ileje. Alikwenda Dar kusomea vyuma na madini, akarudi kufungua chumba cha kuwapimia mawe wachimbaji wadogo. Mdomo wake unakata kuliko msumeno wake.

"Ulichosugua ni ngozi, mama Sekela. Ufa una vijitawi, vinaingia ndani kama mizizi. Stili waya yako haikufika huko. Nikikata hapa, nikausugua uso wa ndani mpaka uwe kioo, nikauweka chini ya hadubini, kama kuna kutu ndani ya vijitawi nitaiona."

"Na ukikosea?"

"Sina kipande kingine. Nikikata pembeni ya ufa, tumemaliza."

Nesta akakitazama chuma. Tangu siku alipokiosha alikuwa analala nacho chini ya mto.

"Kata," akasema.

Aliko akainuka haraka. "Grenda ninayo kwenye begi. Sekunde tu nakata."

"Grenda!" Jenista akacheka bila furaha. "Unataka kukipika? Moto wa grenda ukiingia, chuma kitatusimulia habari za grenda, si za Anania. Weka mikono yako mfukoni, fundi."

Akakibana kwenye msumeno wake mwembamba, akafungulia maji yawe yanamwagikia meno yake. Msumeno ukaanza kula. Polepole. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayelia usingizini, na Nesta akageukia ukuta.

Kikakatika. Kilichobaki cha Anania kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni.

Jenista akakilaza uso chini ndani ya pete aliyoikata kwenye bomba la plastiki, akamimina gundi ya kuganda. "Inatakiwa ikamate iwe ngumu kama jiwe, ndipo tuweze kushika vizuri na kingo zisimomonyoke. Nendeni mkale."

Nesta akaenda sokoni peke yake. Aliko hakutaka kutoka.

Pale Vwawa sokoni, mwanamke mmoja alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Nesta akainama kuchagua. Mwanamke akamtazama usoni, mkono ukasimama.

"Wewe si mke wa yule dereva?"

Nesta akaendelea kuchagua.

"Ziache," mwanamke akasema. "Nyanya za hapa zina wenyewe. Wamelala makaburini kwa ajili ya gongo la mumeo."

"Mama, mume wangu hakuwa..."

"Nenda zako kabla sijaita wenzangu!"

Wenzake walishaanza kugeuka. Nesta akaondoka mikono mitupu, kichwa chini, akisindikizwa na msonyo kutoka meza hadi meza. Tajiri alikuwa amesema sentensi moja tu, na mjane ananyimwa hata mboga!

Aliporudi, gundi ilikuwa imekamata. Lakini umeme umekatika.

"Hawa watu wa umeme wananijua kwa jina," Jenista akafoka. "Haya, kwa mkono."

Akalaza kioo mezani, juu yake karatasi ya msasa, akamwagia maji. "Karatasi ya kwanza ni ya chembe kubwa. Unasugua kuelekea upande mmoja tu. Ukihamia karatasi laini zaidi, unakigeuza kipande, unasugua kukata mikwaruzo ya kwanza mpaka ife yote. Halafu laini zaidi. Halafu laini zaidi ya hiyo."

"Nipe mimi," Nesta akasema.

"Mikono itakuuma."

"Nipe, dada."

Akasugua. Alikuwa na mikono ya kupikia wali madereva pale Mpemba, karibu na Tunduma, kwenye foleni ya malori, lakini kazi hii ilitaka utulivu kuliko nguvu. Akibonyeza upande, Jenista anamgonga kiganja: "Sawasawa! Uso ukiinama tunaanza upya."

Kila akibadili karatasi, alipelekwa kwenye beseni. "Osha kipande. Osha mikono. Osha na kucha. Chembe moja ya msasa wa mwanzo ikihamia kwenye huu laini, inachora mfereji."

Nesta akaosha. Akaosha tena. Ghafla akaanza kulia juu ya beseni.

"Nini tena?"

"Kule nyumbani kuosha kulikuwa kosa. Huku ndiyo kazi yenyewe."

Jenista hakujibu kwa ukali safari hii. Akamfuta mjane huyo uso kwa mkono wa koti lake. "Osha, mdogo wangu. Leo osha mpaka uchoke."

Aliko alikuwa dirishani, anatazama barabara ya Tanzam. Lori likipita na kioo kikitikisika, anashtuka.

Umeme ukarudi. Jenista akawasha sahani inayozunguka, imevikwa kitambaa laini, akapaka uji wenye vumbi la almasi, akakilaza chuma juu yake. Kilipotoka, Nesta aliona jicho lake mwenyewe ndani yake. Kikasuuzwa kwa spiriti, kikakaushwa kwa draya ya saluni, kikaenda chini ya hadubini.

Jenista akainama. Akazungusha gurudumu. Akalizungusha tena, kidogo kidogo.

"Njoo."

Nesta akaweka jicho. Uwanja mweupe, mtupu. Na katikati yake kitu kinapita, kinajikunja, kinachepuka.

"Naona kama mto. Una vijito."

"Maji ya huo mto yana rangi gani?"

"Kijivu."

"Hiyo ndiyo kutu, mama Sekela. Hadubini inaionyesha kijivu. Imejaa mpaka kwenye vijito vya mwisho. Ufa huu haukuzaliwa siku ya ajali. Umekaa miezi unakula chuma, maji na matope yanaingia. Stelingi ilikatika kwanza, ndipo lori likaenda linakotaka."

"Kwa hiyo hakulewa?"

"Chuma hakijui pombe. Kinachojua ni kwamba hata angekuwa malaika, pale kwenye kona usukani ungezunguka bure mikononi mwake."

Nesta akapiga magoti sakafuni. Hakupiga kigelegele. Alitoa sauti ya mtu aliyebeba gunia tangu kwenye mazishi, akatuliwa sasa hivi. Akawa anaita jina tu. "Anania. Anania. Anania wangu."

"Inatosha, funga," Aliko akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Si mmepata mnachotaka? Funga twende."

"Bado," Jenista akasema. "Chuma kinene namna hii hakipati ufa chenyewe. Nataka kujua ulianzia wapi."

"Ya nini tena!"

"Kikaoni wataniuliza. Nitawajibu nini, kwamba fundi wa Tunduma alikuwa na haraka?"

Akachukua pamba, akaichovya kwenye asidi iliyochanganywa na spiriti, akaipitisha juu ya kile kioo.

Uso ukafifia. Ukawa na ukungu. Halafu, taratibu, mbele ya macho yao wote watatu, umbo likajichora kwenye chuma. Halikuhitaji hadubini. Nusu mwezi, imekaa pembeni, ina rangi yake tofauti na chuma kingine chote.

"Hiyo ni nini?" Nesta akauliza.

Jenista alikuwa amekaza uso. "Hapo pamechomelewa. Mkono wa stelingi! Kitu kisichochomelewa hata kwa dawa, kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Mtu amekichomelea, akasawazisha kwa grenda, akapaka rangi nyeusi ili pasionekane. Na ufa umeanzia hapa, kwenye ukingo wa huo mwezi." Akageuka. "Fundi, hii kazi ni ya kwenu. Hebu tazama."

Aliko hakusogea.

"Njoo utazame, shemeji," Nesta akasema. "Tumempata aliyemuua kaka yako."

"Sina haja ya kutazama," Aliko akasema. "Naijua kazi yangu."

Nesta akamgeukia polepole.

"Unasema nini?"

"Ni mimi, shemeji. Nilichomelea mimi."

Nesta akamwendea. Hakumpiga. Alimshika kola kwa mikono miwili, kama mtu anayezama anavyoshika mti. "Umekula nyumbani kwangu. Umebeba jeneza, wewe mbele kabisa! Umenisikia naimba peke yangu pale kaburini, umenyamaza?"

"Yeye ndiye aliyeniletea. Kaka mwenyewe. Mkono ulikuwa na alama ya kupasuka, akaiona, akampigia tajiri simu mbele yangu. Akaweka sauti kubwa. Tajiri akasema mzigo wa shaba unaondoka leo, chomeleeni hapo hapo, la sivyo acha funguo mezani, madereva wako wengi. Nikamwambia, kaka, hii haiponi kwa moto. Akasema, choma tu mdogo wangu, nikirudi tutatafuta mpya. Akarudi. Akapewa safari nyingine. Akarudi, akapewa nyingine." Akatazama viganja vyake. "Nilipiga rangi vizuri, shemeji. Nilitaka ipendeze."

Hivyo ndivyo wanavyotumaliza. Tajiri hashiki nyundo wala hashiki moto. Anashika simu. Kaka anampelekea mdogo wake, mdogo anachoma, na damu ikimwagika inabaki ndani ya nyumba moja.

Honi ikalia nje.

Gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya mlango. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mama mtu mzima aliyejitanda kitenge cheusi. Nesta akamwachia Aliko kola.

Alikuwa Mama Anania. Mama wa hao wawili, aliyekufa na aliye hai. Na nyuma ya usukani, kioo kimeshushwa nusu, alikaa Bwana Clever.

"Shikamoo, mama," Nesta akasema.

"Marahaba." Mama mkwe hakukaa. "Tajiri alikuja nyumbani asubuhi. Ameniambia aliyechomelea ni Aliko. Amesema chuma hicho kikifika kikaoni, Aliko anafungwa. Nikamwambia mko huku, akanipandisha garini. Nipe nikampe, tuishi."

"Mama, nikikitoa Anania anabaki mlevi."

"Anania amekufa."

"Mimi ndiye ninayeishi na jina lake! Leo nimenyimwa nyanya sokoni. Sekela shuleni wanamwita mtoto wa chupa. Hata mlango wa Mungu wamemfungia Anania, mama, ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Nilimzaa mimi, nikamzika bila wimbo mimi." Mama akageuka kumtazama Aliko. "Nimezika mmoja, Nesta. Huyu usinizikie."

Nesta akasimama kati ya mama mkwe na meza. Hata wewe msomaji ungesimama.

Jenista ndiye aliyesogeza stuli. "Mama, kabla hujachukua, tazama. Weka jicho hapa kwenye hadubini, uone ufa."

Mama Anania akainama, mkono mmoja umeshika kitenge. Akatazama. Akatazama mpaka wakadhani amesinzia.

"Ufa huu ndio uliomtoa roho?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, mama."

"Aliko. Kaka yako alijua?"

"Alijua, mayo, mama yangu."

"Akaendesha?"

"Aliambiwa aendeshe, au aache funguo."

"Nani alimwambia?"

Aliko akaelekeza kidole nje, kwenye gari jeupe.

Mama akajiinua. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu alipoinama. "Basi yule aliyenileta kwa gari," akasema, "aliyeninunulia na soda njiani..."

Akakaa chini sakafuni, miguu imenyooshwa mbele kama wanavyokaa matangani.

"Chuma kinasema kimechomelewa," Jenista akasema. "Hakisemi nani aliagiza. Wawili walisikia ile simu. Mmoja tumemzika."

Wote wakamtazama Aliko.

Alikuwa ameshavua koti la kazi. Akalikunja, akaliweka juu ya magoti ya mama yake. "Sitasubiri Jumatatu," akasema. "Nakwenda kituoni sasa hivi. Nitasema yangu, na ya tajiri nitasema. Shemeji, hiyo Jumatatu peleka chuma. Muimbieni kaka."

"Aliko!" Mama akamshika mguu wa suruali. "Watakufunga!"

"Nimeshafungwa, mayo. Tangu siku ile silali."

Akaibandua mikono ya mama yake kidole kimoja kimoja, kwa upole, akatoka. Akapita mbele ya gari jeupe bila kuinama. Bwana Clever akatoa kichwa.

"Kijana, njoo tuongee kama wanaume."

"Tutaongea kituoni, tajiri."

Akapunga mkono, bodaboda ikasimama. Akapanda nyuma. Ikaingia barabara ya Tanzam, katikati ya malori, ikashika mteremko.

Nesta na mama mkwe wake walifika mlangoni kwa pamoja. Walimwona Bwana Clever amekaa, mikono juu ya usukani, anatazama ile bodaboda inavyozidi kuwa ndogo. Akapandisha kioo. Akawasha gari.

Hakugeuza kuelekea Tunduma nyumbani kwake. Aliingia barabarani upande ule ule ilikokwenda bodaboda, akaongeza mwendo.

Mama Anania alikuwa amelikumbatia koti la mwanawe, lina harufu ya moshi wa kuchomelea.

"Nesta," akauliza, "anamfuatia nini mwanangu?"